Mwanangu wa kidato cha tatu anakesha na simu na alama zimeporomoka: tatizo ni simu au ni usingizi?

MamaTabata aliuliza:

Habari zenu ndugu wazazi na walimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka 16, anasoma kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Dar es Salaam. Hadi kidato cha pili hakuwa mtoto wa kusukumwa. Hesabu alikuwa akipata 70 na kitu, na fizikia hakuwahi kushuka chini ya 60. Mtihani wa muhula uliopita amepata 41 katika hesabu na 38 katika fizikia, na mwalimu wake wa darasa ameandika kwenye ripoti maneno matatu ambayo yameniuma kuliko alama zenyewe: "Analala sana darasani."

Wiki mbili zilizopita niliamka usiku kwenda kunywa maji, na saa nane ilikuwa imeshapita. Mlango wake ulikuwa haujafungwa vizuri. Nikaona chandarua kinang'aa kwa ndani, mwanga wa samawati ukipanda na kushuka kila alipobadilisha video, kama kandili iliyofunikwa shuka. Nilisimama pale dakika nzima bila yeye kujua. Nilipomwita alishtuka, akaiweka simu chini ya mto, halafu akaona aibu akaitoa mwenyewe.

Sikumpiga wala sikumgombeza. Asubuhi alinieleza kwamba hununua kifurushi cha usiku, ambacho kinaanza kufanya kazi saa sita, kwa sababu kwa pesa ileile ya kifurushi kidogo cha mchana anapata data nyingi zaidi, na kwamba yeye na wenzake watano wana kundi la WhatsApp la kusaidiana masomo. Nilifungua kundi hilo akiwa amekaa pembeni yangu. Hakunidanganya: zimo picha za madaftari, zimo sauti zao wakielezana maswali ya fizikia ya msuguano. Lakini ujumbe wa mwisho wa masomo ulikuwa wa saa sita na dakika arobaini, na kuanzia hapo ni mabao ya mpira na vichekesho hadi karibu saa tisa.

Ratiba yake ni hii. Anaamka saa kumi na moja kasorobo alfajiri, kwa sababu akichelewa kidogo daladala zinajaa na makonda hawataki kupakia wanafunzi. Anatakiwa awe shuleni kabla ya saa moja kwa ajili ya usafi na namba. Anatoka saa tisa, anakwenda tuisheni hadi saa kumi na mbili, anafika nyumbani saa moja na nusu, tunakula saa mbili na nusu, kisha anafanya kazi za shule hadi saa nne au saa tano.

Baba yake anataka simu ichukuliwe moja kwa moja hadi amalize kidato cha nne. Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, anasema tukimnyang'anya ataazima ya rafiki na tutakuwa tumepoteza hata ule ukweli kidogo anaotuambia. Ninaomba walio na uzoefu wanisaidie: je, kuichukua simu kutarudisha alama zake? Na je, inawezekana kwamba tunalaumu simu kumbe kuna jambo jingine?

MuuguziTanga alijibu:

Pole sana dada yangu, na hongera kwa kutompiga, kwa sababu usingempata tena kumweleza jambo.

Kabla ya kuamua lolote kuhusu simu, chukua kalamu uhesabu. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Mtoto anayeamka saa kumi na moja kasorobo alfajiri, ili apate hizo 8 za chini kabisa, anapaswa awe ameshalala fofofo saa tatu kasorobo usiku. Kwa ratiba uliyoieleza, wakati huo ndiyo kwanza ananawa mikono baada ya chakula. Sasa tuseme baba yake amechukua simu leo hii na kuifungia kabatini, na kijana akazima taa saa tano. Atalala saa 5 na dakika 45. Simu inamwibia nyingine 3, hilo halina ubishi, lakini hata mwizi huyo akifungwa bado kuna upungufu wa saa 2 na robo kila usiku wa shule, yaani zaidi ya saa 11 kwa wiki. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba kuichukua simu peke yake kutasaidia kidogo, na baada ya mwezi mtashangaa kwa nini bado anasinzia, na wa kulaumiwa atakuwa mtoto.

Jambo la pili ni la mwili wenyewe. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, kuna kikundi kidogo cha seli kinachofanya kazi ya saa ya mwili. (Utendaji wa ndani wa saa hii ndio uliowapa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017, nao waliuchunguza kwa kutumia vijinzi vya matunda.) Giza likiingia, saa hiyo huiruhusu tezi moja ndogo kumwaga homoni iitwayo melatonini, ambayo ndiyo inayoutangazia mwili kwamba usiku umefika. Mtoto anapobalehe, tangazo hilo linachelewa kwa saa 1 hadi 2 ukilinganisha na alipokuwa mdogo. Kwa hiyo unapomwambia kijana wa miaka 16 akalale saa tatu naye akakujibu kwamba hana usingizi, mara nyingi anasema kweli. Na unapomwamsha alfajiri, kwa saa ya mwili wake unamwamsha katikati ya usiku.

Watu wazima wengi huamini kwamba mtoto akikua mahitaji yake ya usingizi yanapungua. Mtafiti Mary Carskadon alianza kulipima jambo hili katika miaka ya 1970 huko Stanford, Marekani, kwa kuwaweka watoto na vijana katika kambi ya likizo na kuwapa nafasi ya kukaa kitandani saa 10 kila usiku. Wadogo kwa wakubwa walilala wastani wa kama saa 9, na wale waliokwisha kuingia katika ubalehe ndio waliosinzia zaidi mchana licha ya kulala kiasi kilekile. Maneno "analala sana darasani" yalistahili kuandikwa kwenye ripoti ya mwili wake zaidi kuliko kwenye ripoti ya tabia yake.

Kuhusu mwanga wa simu, watu wamelikuza kidogo jambo hili. Ni kweli kwamba mwanga wa buluu unaichelewesha melatonini. Kuna utafiti mmoja unaotajwa sana, uliochapishwa mwishoni mwa 2014, ambamo watu 12 walisoma kwa saa 4 kila jioni, kwa siku 5 kwa kutumia kishikwambi chenye mwanga mkali na kwa siku nyingine 5 kwa kutumia kitabu cha karatasi. Melatonini ilipungua kwa zaidi ya nusu walipotumia kishikwambi; lakini muda wa kuchelewa kupata usingizi ulikuwa kama dakika 10 tu. Mwanao hakukosa dakika 10. Alikosa saa 3, na hizo hazikuibwa na rangi ya mwanga bali na kile kilichokuwa ndani ya mwanga: bao, kicheko, ujumbe unaosubiri kujibiwa. Kwa hiyo usidanganyike na vile vichujio vya kugeuza kioo kiwe cha njano ukadhani umemaliza kazi.

Mwisho, mpeleke akapimwe wingi wa damu, na umsikilize usiku kama anakoroma kwa kukatakata pumzi. Mwangalie pia kama amepoteza hamu ya vitu alivyovipenda, kwa sababu kijana mwenye sonona naye hukesha na simu, na hapo simu inakuwa dalili wala si chanzo.

MzeeKoroboi alijibu:

Nimeyasoma maelezo ya muuguzi kwa heshima, ila ninaona tunawatengenezea watoto visingizio vya kisayansi. Sisi tulisoma kwa koroboi, tukitembea maili nne kwenda shule, tukiamka kabla ya jogoo, na tulifaulu. Hakuna aliyetupima melatonini.

Na upande wa pili, simu hizi msizipake matope zote. Binti yangu yuko kidato cha nne, na shule yao ilikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa kemia. Alijifunza ulinganishaji wa milinganyo ya kemikali kwa video za YouTube, na leo anawafundisha wenzake. Ningemnyima simu angekuwa amepata sifuri ya somo zima. Tatizo la huyu kijana ni nidhamu. Awekewe masharti, akiyavunja aadhibiwe, yaishe.

Mwalimu wa bweni, Machakos alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Ninakubaliana nawe nusu, na nusu hiyo ni ile ya binti yako. Katika PISA ya mwaka 2022, tathmini ya kimataifa ya wanafunzi wa miaka 15 ambayo nchi zetu hazikushiriki, wanafunzi waliotumia vifaa vya kidijitali shuleni kwa ajili ya kujifunza hadi saa 1 kwa siku walipata wastani wa alama 14 zaidi katika hisabati kuliko wale ambao hawakuvitumia kabisa, hata baada ya kuzingatia uwezo wa familia zao. Katika tathmini hiyohiyo, asilimia 65 ya wanafunzi walisema kwamba vifaa hivyo huwatoa katika somo, angalau katika baadhi ya vipindi vya hisabati. Kifaa ni kilekile. Aliyekikalia kwa kazi moja ananufaika, na aliyekiacha kimchague anapotea.

Ila nusu nyingine siwezi kuikubali, kwa sababu mimi ninafundisha mahali ambapo hakuna simu hata moja mkononi mwa mwanafunzi, na bado wanasinzia. Mimi ni mwalimu wa fizikia na pia mlezi wa bweni. Hapa Kenya, Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaweka vipindi vya darasani kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa u nusu alasiri, na kwa shule za bweni zinatenga saa tatu u nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa wakati wa kulala. Hizo ni saa 8 na nusu, kwenye karatasi. Katika shule yangu, ambayo sitaitaja kwa kuwa ninaitegemea kwa mkate wangu, prepu ya usiku, yaani muda wa kujisomea, inaishia saa nne u nusu, wa kidato cha nne wanaongezewa hadi saa tano u nusu, na kengele ya alfajiri inagonga saa kumi na nusu. Ukimwuliza mwalimu mkuu atakuambia kwamba shule ya jirani inaamka saa kumi kamili, na wazazi wanaijua.

Ninachokiona saa kumi na moja alfajiri darasani ningetamani kila mzazi akione. Wanafunzi 50 wamekaa wima, vitabu viko wazi, na ukipita kati ya madawati unaona jicho halisogei kwenye mstari. Wengine wamejifunza kulala wakiwa wameshika kalamu, mkono umeganda juu ya daftari, na wino unaacha doa la duara pale ncha ilipotua. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea daftari la prepu lenye sentensi moja aliyoiandika mara tatu bila kujua. Huko si kusoma.

Kwa hiyo nikirudi kwa mama: huyo mtoto wako akichukuliwa simu na kupelekwa bweni, jambo ambalo naona familia nyingi hulikimbilia, anaweza kutoka katika saa 3 za usingizi hadi 5, mkafurahi kwamba amebadilika, lakini bado anasoma kwa ubongo uliochoka. Kile alichofundishwa mchana hupangwa na kuimarishwa katika kumbukumbu wakati amelala. Kwa somo kama fizikia, ambalo swali la leo linasimama juu ya la jana, anayelala kidogo anaweza kukariri fomula, lakini haoni ni wapi pa kuitumia. Ndiyo maana nikisahihisha karatasi zao naona kurasa zimejaa fomula sahihi katika maswali yasiyo yake.

Na isisemwe kwamba haya hayabadiliki. Mji wa Seattle, Marekani, ulisogeza mwanzo wa masomo katika shule zake za sekondari kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo asubuhi, kuanzia mwaka wa masomo wa 2016. Watafiti waliwafunga wanafunzi vifaa vya kupima usingizi mkononi kabla na baada ya mabadiliko. Walipata dakika 34 zaidi za usingizi kila usiku, na alama za somo la sayansi walilolifuatilia zilikuwa juu kwa asilimia 4.5. Kilichonigusa ni kwamba vijana hawakuutumia muda ule wa ziada kukesha zaidi, kama wengi walivyotabiri. Jimbo la California liliweka jambo hilo katika sheria, na tangu Julai 2022 shule nyingi za sekondari za juu huko haziruhusiwi kuanza kabla ya saa mbili na nusu. Huku kwetu tumeiandika kanuni, kisha tunashindana kuivunja.

Bi_Unguja alijibu:

Ninaongeza moja dogo. Kwetu Zanzibar tunaliona jambo hili waziwazi kila Ramadhani, watoto wanaposali tarawehe, wakabarizi, wakalala saa sita, kisha wakaamshwa kula daku. Ratiba inajulikana, nyumba nzima inaishi hivyo, na mtoto akirudi skuli hulazwa mchana bila mtu kumwita mvivu. Kwa nini basi katika miezi mingine usingizi wa mchana tunauona ni aibu kwa kijana? Wangu akirudi anajinyoosha nusu saa kabla ya alasiri kupita, na usiku anasoma akiwa mtu. Nikimwacha apitilize hadi magharibi, hapo ndipo usiku unapoharibika.

Mwaka wa kwanza alijibu:

Shikamoo mama. Mimi nilikuwa huyo kijana wako, kwa hiyo nitakueleza kutoka ndani ya chandarua.

Kitu ambacho wazee wengi hawakijui ni kwamba saa sita usiku ni saa ya mkutano. Kifurushi kinafunguka kwa wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo wote wako hewani kwa wakati mmoja. Ukilala, asubuhi unakuta jumbe 200, watu wanacheka jambo usilolijua, na unakaa kwenye daladala ukiwa mgeni kati ya marafiki zako. Mimi sikukesha kwa sababu nilipenda sana simu. Nilikesha kwa sababu sikutaka kukosekana. Baba yangu aliponinyang'anya, nilitumia simu ya kitochi ya shangazi kupiga na kuuliza kumetokea nini, na mwezi wa pili nikapata simu ya mkono wa pili yenye kioo kilichopasuka ambayo niliificha ndani ya mfuko wa unga wa muhogo. Nilikuwa nikiichaji jikoni alfajiri. Nilipata alama mbaya zaidi mwaka ule kuliko mwaka wa kabla yake, kwa kuwa niliongeza woga juu ya kukesha.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa kidogo na cha kuchekesha. Mjomba aliyekuja kukaa nasi alianza kuninunulia kifurushi cha mchana, si kikubwa, cha kutosha kwa masomo na salamu. Mkutano wa saa sita haukuwa na mvuto tena kwa sababu sikuuhitaji ili niweze kumudu data. Wenzangu wawili nao wakahamia jioni, na kundi likawa la saa moja hadi saa tatu. Nasema hivi kwa mzazi anayesema hana pesa ya bando la mchana: gharama ya tuisheni ya somo moja ilikuwa mara kadhaa ya bando lile.

Kuna na vile vinywaji vya kopo na chupa vya kuongeza nguvu. Mwulize kwa upole. Sisi tulikuwa tunakunywa saa kumi jioni kabla ya tuisheni ili tusisinzie, kisha saa nne usiku tunashangaa macho makavu. Na siku za mechi za Ulaya, ambazo huku zinaanza saa nne au saa tano usiku, tulikuwa tunarudi kutoka kibanda umiza saa saba.

MuuguziTanga alijibu:

Kijana amenifundisha, nami ninamshukuru. Kuhusu vinywaji hivyo, baada ya saa 5 hivi tangu mtu anywe, karibu nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini, kwa hiyo chupa ya saa kumi jioni bado ipo kazini saa tatu usiku.

Mzee Koroboi, shikamoo, na uniwie radhi. Wewe na mimi tulisoma kwa koroboi kweli, lakini koroboi ilikuwa na rehema moja: mafuta yaliisha. Saa tatu, saa tatu na nusu, utambi ukaanza kunuka, na hapo hukuwa na la kufanya ila kulala. Mtoto wa leo taa yake haiishi mafuta, na kitu kilichomo ndani yake kimetengenezwa na watu werevu ili asiizime. Nidhamu tuliyojisifia sehemu yake kubwa ilikuwa ni bei ya mafuta ya taa.

Mama, nilisahau kukutahadharisha kuhusu Jumamosi. Ukimwacha afidie hadi saa tano asubuhi, saa ya mwili wake inasogea, na Jumapili usiku hana usingizi hata kidogo. Ni kama kijana anayesafiri kwenda Lagos kila Ijumaa, ambako saa ziko nyuma yetu kwa 2, akarudi Dar Jumatatu alfajiri moja kwa moja hadi darasani. Mwongezee saa 1 au 1 na nusu, isizidi hapo.

MamaTabata alijibu (baada ya wiki tano):

Nimerudi kuwapa mrejesho, na ninawashukuru wote, pamoja na mzee aliyenikumbusha koroboi ya marehemu mama.

Tulianza na hesabu ya muuguzi. Niliiandika kwenye karatasi nikaiweka mezani, baba yake akaisoma mara mbili bila kusema neno. Hatukuweza kusogeza saa ya daladala, na shule nilipouliza kuhusu usafi wa saa moja nilijibiwa kwamba utaratibu ni wa wote. Kwa hiyo tuligusa tulivyoweza. Tuisheni ya siku 5 tumeipunguza hadi siku 2, hesabu na fizikia tu, jambo ambalo baba yake alilipinga hadi nilipomwonyesha kwamba tulikuwa tunalipia mtoto akalale kwenye benchi la mtu mwingine. Siku ambazo hana tuisheni anafika nyumbani saa kumi na nusu, anajilaza dakika 30, tunakula saa moja badala ya saa mbili na nusu, na saa tatu na nusu taa yake inazimwa. Pesa iliyobaki ya tuisheni sehemu yake ndogo inanunua kifurushi cha mchana.

Simu zinalala sebuleni, juu ya kabati la vyombo, zote. Hilo la "zote" ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu mwanangu aliuliza, kwa adabu kabisa, kama na ya baba itakuwepo. Usiku wa kwanza mume wangu alikwenda kuiangalia mara tatu. Tumenunua saa ya mezani ya kengele pale Kariakoo, maana kila mtu alikuwa anasema anahitaji simu ili aamke.

Haijawa nyeupe tupu. Kwa siku nyingi anapata saa 7, si 8. Usiku wa mechi moja alitoroka kwenda kibandani, na tulimjua kwa macho yake asubuhi kabla hajasema. Damu yake ilipimwa na ilikuwa sawa. Jaribio la fizikia la wiki iliyopita amepata 52. Nilipoiona nilitaka kufurahi kupita kiasi, nikajizuia, nikamwuliza tu ni swali gani lilimshinda. Akanionyesha la msuguano wa kitu kilicho juu ya mteremko, akachukua kitabu changu cha upatu, akakiinamisha juu ya meza na kuweka rula yake juu yake ili nione inavyoanza kuteleza. Ilikuwa saa mbili na robo usiku.